Kabla Hujanunua Kitu Kuukuu, Uliza Kimetoka Wapi

Msomaji, ukisafiri kwenda Mombasa utapita Kambu, mji mdogo wa Makueni ulio kati ya Kibwezi na Mtito Andei. Katika miji ya barabara kuu kama huu, kitu kilichoibwa Nairobi usiku chaweza kuuzwa asubuhi kwa mtu asiyemjua mwenyewe. Muuzaji naye huwa amekwisha kupanda gari, kaenda zake.

Tuseme umeuziwa simu kwa nusu ya bei. Je, wajua umejiingiza katika nini? Kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya chasema anayepokea mali ya wizi, akijua au akiwa na sababu ya kuamini kuwa imeibwa, aweza kufungwa hadi miaka 14. Tena ukikutwa na mali iliyoibwa karibuni, mahakama itataka kusikia uliipataje. "Niliuziwa na kijana mmoja steji" ni jibu dhaifu. Hata ukiponea jela, mali hurudi kwa mwenyewe nawe pesa zako zimekwenda. Rahisi ghali!

Hapa ndipo polisi na mwenye duka la vitu kuukuu wanapohitajiana. Polisi hawawezi kukagua kila meza. Mwenye duka ndiye anayemwona muuzaji uso kwa uso. Dawa ni daftari: jina la aliyeleta kitu, nambari ya kitambulisho chake, tarehe, na nambari ya kifaa chenyewe. Mwenye mali akipiga ripoti, polisi wana pa kuanzia, na mwenye duka ana la kujitetea.

Ukosefu wa uangalifu huu huumiza hata waaminifu. Januari 2022, nguzo za njia ya umeme ya Kiambere–Embakasi zilianguka na nchi ikaingia gizani. Rais Uhuru Kenyatta alipiga marufuku biashara yote ya vyuma chakavu ili kukomesha wizi wa vyuma vya umeme na reli. Biashara ilifunguliwa tena Mei, kwa masharti makali zaidi.

Nawe mnunuzi una kazi yako. Kabla ya kutoa pesa, bonyeza *#06# uone nambari ya simu, uilinganishe na iliyo kwenye boksi, kisha udai risiti yenye nambari hiyo. Iandike pia ya simu yako na kuihifadhi nyumbani. Ukiibiwa, polisi wataihitaji. Na mwenye duka akikataa kukuandikia risiti, mwachie kitu chake.