Redio za Jamii na Mlipuko wa Ebola Mashariki mwa Kongo, 2018–2020: Lugha, Imani ya Wasikilizaji na Uendelevu wa Matangazo

Ikisiri

Makala haya yanaeleza mambo yanayoiwezesha redio ya jamii kuendelea kutangaza wakati wa dharura ya afya ya umma, kwa kurejelea mlipuko wa Ebola uliotokea Kivu Kaskazini na Ituri kati ya mwaka 2018 na 2020. Mijadala mingi ya sera huliona suala hili kuwa la mitambo na fedha. Makala yanadai kwamba mitambo na fedha ni sharti la lazima lakini halitoshi. Kituo kinaweza kuwa na mafuta ya jenereta na kikakosa wasikilizaji, na kinaweza kulipwa vizuri na kikapoteza imani ya wanakijiji. Imani hiyo hujengwa kwa uteuzi wa maneno, kwa nafasi anayopewa msikilizaji ya kuuliza, na kwa namna kituo kinavyofadhiliwa. Makala yanahitimisha kwa mapendekezo kwa washauri wa sera wa nchi jirani.

1.0 Utangulizi

Tarehe 1 Agosti 2018, Wizara ya Afya ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilitangaza mlipuko wa Ebola katika Kivu Kaskazini. Ulikuwa wa kumi katika historia ya nchi hiyo, na ulitangazwa wiki moja tu baada ya ule wa tisa, uliotokea Équateur, kumalizika. Ulienea Mangina, Beni, Butembo, Katwa na sehemu za Ituri, katika eneo ambalo tayari lilikuwa likishambuliwa na makundi yenye silaha. Shirika la Afya Duniani liliutangaza kuwa dharura ya kimataifa tarehe 17 Julai 2019. Ulipotangazwa kumalizika tarehe 25 Juni 2020, watu 3,470 walikuwa wameugua na 2,287 kati yao walikuwa wamefariki. Ni mlipuko mmoja tu uliowahi kuupita kwa ukubwa, ule wa Afrika Magharibi wa 2014–2016.

Katika eneo kama hilo, ambako magazeti ni haba na intaneti haifiki kila mahali, redio ndiyo chombo kinachowafikia walio wengi. Redio Okapi, iliyoanzishwa mwaka 2002 chini ya Umoja wa Mataifa, hutangaza kwa Kifaransa na kwa lugha nne za taifa: Kiswahili, Kilingala, Kikongo na Kiluba. Chini ya chombo hicho kikubwa kuna vituo vidogo vya jamii, vinavyosikika katika mji mmoja na vijiji vinavyouzunguka. Hivi ndivyo vinavyoshughulikiwa hapa.

2.0 Redio ya jamii katika siku za kawaida

Ili kuelewa dharura inakiathiri vipi kituo, ni vyema kwanza kutazama namna kituo chenyewe kinavyoishi. Mawimbi ya FM husafiri kwa mstari ulionyooka, na katika nchi ya milima kama Kivu, kilima kimoja huweza kulikatia matangazo bonde zima. Udogo huu wa eneo ni udhaifu wa kiufundi, lakini pia ni nguvu ya kijamii. Mtangazaji huwajua wasikilizaji wake, nao humjua. Akikosea jina la marehemu asubuhi, hurekebishwa sokoni mchana.

Watangazaji wengi wa vituo hivi ni watu wa kujitolea. Mapato hutokana na matangazo ya vifo na matanga, vitu vilivyopotea, salamu, shughuli za makanisa na vipindi vinavyolipiwa na miradi. Umeme hupatikana kwa jenereta au paneli za jua, na mara nyingi kituo hutangaza kwa saa chache za asubuhi na za jioni.

Dharura huligusa kila tegemeo la mfumo huu. Barabara zikikosa usalama, bei ya mafuta hupanda. Biashara ikidorora, matangazo ya kulipia hupungua. Mtangazaji wa kujitolea mwenye familia hulazimika kuchagua kati ya studio na shamba. Wakati huohuo dharura huleta mteja mpya, yaani mashirika ya afya yanayotaka kununua muda wa matangazo. Mteja huyu huweza kukiokoa kituo. Huweza pia kukigeuza kipaza sauti chake.

3.0 Neno moja, masikio mawili

Ujumbe mwingi wa Ebola uliandaliwa kwa Kifaransa au kwa Kiswahili Sanifu. Kiswahili kinachozungumzwa Beni, Butembo au Bunia ni cha Kongo, chenye msamiati na sarufi yake, na kwa wengi ni lugha ya pili baada ya Kinande au lugha nyingine ya nyumbani. Tofauti hiyo si ya lafudhi pekee. Mifano mitatu yatosha.

Wa kwanza ni neno mganga. Nchini Tanzania, neno hili katika mazungumzo ya kila siku humwelekea tabibu wa jadi, ingawa cheo cha Mganga Mkuu wa Serikali kimehifadhi maana ya zamani. Katika Kiswahili cha Kongo, munganga ni daktari wa hospitali, na mtaalamu wa jadi aghalabu huitwa mufumu. Tangazo lililoandikwa kwa mazoea ya pwani likiwaonya watu wasiende kwa mganga wanapopata homa, litasikika mashariki mwa Kongo kuwa linawakataza kwenda kwa daktari. Kisarufi sentensi haina kosa lolote. Kitabibu ni hatari.

Wa pili ni neno mshukiwa. Mtaalamu wa magonjwa humwita mgonjwa ambaye hajapimwa kuwa ni wa kushukiwa. Kwa msikilizaji wa kawaida, mshukiwa ni mtu wa polisi na mahakama. Neno kesi, linapotumiwa kwa maana ya mgonjwa, huongeza hisia hiyohiyo. Familia inayoambiwa kwamba mama yao ni mshukiwa, na kisha gari likaja na walinzi wenye silaha kumchukua, haihitaji uvumi ili iogope. Usemi kama "mgonjwa anayesubiri majibu ya kipimo" ni mrefu zaidi, lakini haumtuhumu mtu.

Wa tatu ni kutengwa. Katika lugha ya makanisa mengi, kutengwa ni adhabu kwa aliyekosa. Kumwambia muumini kwamba ndugu yake ametengwa kwa usalama wa jamii ni kutamka hukumu bila kukusudia. Mtangazaji anayesema kwamba mgonjwa "anatunzwa mahali pake peke yake hadi apone" anaeleza utaratibu uleule wa kitabibu bila fedheha.

Aidha, lipo neno la Kifaransa lililoingia katika usemi wa kila siku: riposte. Waandalizi walilitumia kwa maana ya hatua za kukabiliana na ugonjwa. Wenyeji walilitumia kuwa jina la kundi zima: magari, walinzi, mishahara na wageni. Kipindi kilichotambulishwa kuwa ni cha riposte kilikuwa kimeshachagua upande kabla ya kuanza.

4.0 Imani kama sharti la kusikika

Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 katika jarida la The Lancet Infectious Diseases uliwahoji watu wazima 961 wa Beni na Butembo mnamo Septemba 2018. Takriban robo yao hawakuamini kwamba Ebola ilikuwapo. Walioamini kwamba viongozi wa eneo lao walitetea maslahi yao hawakufika theluthi moja. Utafiti huo ulionyesha pia kwamba aliyekosa imani na taasisi alielekea zaidi kukataa chanjo na kutotafuta huduma rasmi.

Miezi mitatu baadaye hali ilizidi kuwa ngumu. Mwishoni mwa Desemba 2018, siku chache kabla ya uchaguzi wa tarehe 30, mamlaka iliahirisha upigaji kura wa Beni na Butembo hadi Machi 2019, ikitaja Ebola na ukosefu wa usalama. Rais mpya aliapishwa Januari bila kura za maeneo hayo kuhesabiwa. Waandamanaji wa Beni walishambulia kituo cha kupokelea wagonjwa, na siku ya uchaguzi wakazi walipanga upigaji kura wao wa ishara. Masoko na makanisa yalikuwa wazi muda wote huo. Swali la msikilizaji lilikuwa jepesi: ikiwa mkusanyiko wa sokoni hauambukizi, kwa nini wa kura uambukize?

Redio iliyolikwepa swali hilo ilibaki hewani bila kusikilizwa. Iliyoliruhusu ilijiweka hatarini pande zote mbili, kwa kuwa mamlaka ingeweza kuiona ya uchochezi na wenye hasira wangeweza kuiona ya serikali. Hatari hii haikuwa ya nadharia. Usiku wa tarehe 2 Novemba 2019, Papy Mumbere Mahamba, mtangazaji wa redio ya jamii ya Lwemba huko Ituri aliyeshiriki katika uhamasishaji dhidi ya Ebola, aliuawa nyumbani kwake. Mkewe alijeruhiwa na nyumba ikachomwa moto. Ukaribu uleule unaomfanya mtangazaji aaminike ndio unaowaonyesha wauaji mlango wake.

5.0 Nani anamlipa mtangazaji?

Kwa kawaida shirika hununua dakika kadhaa, hutuma ujumbe uliokwisha kurekodiwa, na hudai urushwe mara kadhaa kwa siku. Utaratibu huu ni rahisi kuhesabu na kuripoti. Hata hivyo, una kasoro tatu. Kwanza, humlipia aliyerekodi mjini na kumwacha bila kitu mtangazaji anayebeba lawama kijijini. Pili, hauna nafasi ya swali. Tatu, hukoma siku mradi unapokoma, ilhali ugonjwa na wasiwasi havifuati kalenda ya mradi.

Mbadala wake ni kugharimia uhai wa kituo chenyewe: mafuta, vipuri, posho ya watangazaji, simu ya kupokelea maswali na usafiri salama wa usiku. Kituo kikigharimiwa hivyo, hubaki na haki ya kumhoji daktari, manusura, mchungaji na mama aliyeikataa chanjo katika kipindi kimoja. Wakati wa mlipuko huu wajitolea wa Msalaba Mwekundu walikusanya kwa utaratibu maswali na uvumi kutoka kwa jamii. Mkusanyiko wa aina hiyo, ukifikishwa redioni kila wiki, humwezesha mtangazaji kuanza na kinachoulizwa badala ya kinachoamriwa.

6.0 Hitimisho na mapendekezo

Kongo ilipothibitisha mgonjwa wake wa kwanza wa korona tarehe 10 Machi 2020, Ebola ilikuwa haijaisha. Tangu hapo eneo la Maziwa Makuu limepata milipuko mingine, ukiwemo wa Ebola ya aina ya Sudan nchini Uganda mwaka 2022 na wa Marburg mkoani Kagera, Tanzania, mwaka 2023. Mipaka ya nchi hizi huvukwa kila siku na wafanyabiashara, na Kiswahili huvuka pamoja nao kikibadilika maana njiani. Kwa msingi huo, mambo manne yanapendekezwa.

Kwanza, wizara za afya na taasisi za Kiswahili ziandae, kabla ya mlipuko, orodha fupi ya istilahi za dharura iliyojaribiwa kwa wasikilizaji wa kila eneo, ikionyesha maneno ya kuepukwa na sababu zake. Pili, ujumbe ufasiriwe na watangazaji wenyewe, na mtaalamu wa afya athibitishe kwamba maana haikupotea. Tatu, fedha za mawasiliano zitenge fungu la kuendeshea vituo, lisilofungwa na idadi ya matangazo yaliyorushwa. Nne, usalama wa watangazaji uhesabiwe kuwa sehemu ya mpango wa afya, kama ulivyo usalama wa wauguzi na wachanjaji.

Pendekezo la kwanza ni la gharama ndogo kuliko yote, na ndilo linaloihusu taaluma ya lugha moja kwa moja. Orodha hiyo haiwezi kuandaliwa wiki ambayo wagonjwa wa kwanza wanaripotiwa, kwa sababu wiki hiyo matangazo yatakuwa yameshaanza.