Ua la Usambara katika Madirisha ya Uingereza

Wengi wetu tuliokuja Uingereza kutafuta elimu tulijiandaa kukabiliana na baridi, ukungu na vitabu. Hatukutarajia kukutana na msitu wa kwetu. Mtu huiacha migomba nyumbani bila hata kuiaga, kisha huikuta imewekewa joto na kuandikiwa majina ya Kilatini katika bustani ya mimea ya Kew, upande wa magharibi wa London. Ukiingia mwezi wa Januari katika jumba lake kubwa la chuma na vioo, lililojengwa kati ya 1844 na 1848, miwani hufunikwa na mvuke papo hapo na koti hugeuka mzigo. Wanafunzi wenzetu hulipenda jumba hilo kwa sababu isiyo ya kitaaluma kabisa: lanukia masika.

Hata hivyo, mmea uliotushughulisha zaidi hauhitaji kiingilio. Umo madirishani mwa majirani na katika maduka ya vyakula, ndani ya vyungu vidogo: majani ya duara yenye manyoya laini, na maua ya zambarau yenye chavua ya manjano katikati. Waingereza huuita urujuani wa Afrika, ingawa hauna udugu wowote na urujuani wa Ulaya. Mwenzetu mmoja, mzaliwa wa Muheza, aliulizwa na mama mwenye nyumba kama anaujua. Hakuwahi kuuona. Mama yule akamwambia kwa upole kwamba umetoka kwao.

Na ni kweli. Mnamo 1892 ofisa wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alimpelekea baba yake Ujerumani mbegu za mmea huo kutoka Usambara. Baba akampa Hermann Wendland, msimamizi wa bustani za Herrenhausen mjini Hanover, naye mwaka 1893 akautangaza kwa jina la Saintpaulia. Ofisa akapata ukumbusho wa milele. Washambaa, waliokuwa wakipita kando ya majabali hayo tangu enzi za mababu, hawakuachiwa hata silabi moja. Katika miaka ya 1920 wakulima wa maua wa California walizalisha aina mpya, na leo kuna za waridi, nyeupe na zenye ncha za marinda. Jani moja likichomekwa udongoni hutoa mche mzima, ndiyo maana wanawake wa hapa hupeana majani kama sisi tunavyopeana vikonyo vya muhogo.

Masharti ya kuutunza ni kana kwamba yameandikwa na msitu wenyewe. Usiuanike juani. Usiyamwagie majani maji baridi, yataingia madoa. Weka maji katika kisahani, mizizi ijinywee. Kwa asili yake hushika kwenye nyufa za mawe yenye unyevu, chini ya kivuli cha miti mirefu. Ukiukata mti ule, jua huingia na ua hukauka, hata kama hakuna mkono uliouchuma.

Hapo ndipo penye uchungu. Mmea huu kwa asili hupatikana Tanzania na Kenya tu: Usambara na milima mingine jirani, vilima vya Taita, na baadhi ya majabali ya pwani. Misitu hiyo imekatwa kwa mbao, mashamba ya chai na vihamba, na baadhi ya aina zake sasa zimo hatarini kutoweka. Mamilioni yaliyomo vyunguni Ulaya hayawezi kuziba pengo hilo, kwani mengi ni uzao wa mbegu chache. Aina nyingine nyingi zimebaki kule maweni peke yake.

Afadhali Amani. Wajerumani walianzisha bustani ya mimea huko mwaka 1902, na mwaka 1997 serikali ya Tanzania iliutangaza msitu wa Amani kuwa hifadhi ya mazingira asilia. Mwenzetu wa Muheza amekwisha kuazimia kupanda huko likizo ijayo, akiwachukua wadogo zake. Nao wazee wa Lushoto na Korogwe walio miongoni mwetu wanaombwa watuletee majina ya Kishambaa ya mimea ya msituni, pamoja na matumizi yake. Tutayachapa katika toleo lijalo.