Ongeza Nguvu Kidogo Kidogo

Leo tunazungumzia nguvu za misuli, na jinsi ya kuziongeza nyumbani bila kununua vifaa vya bei ghali.

Pengine wewe mkulima wa Kibugu unajiuliza: "Mimi huchuma majani chai na kubeba kahawa. Mazoezi ya nini tena?" Swali hilo ni zuri. Kazi ya shamba huchosha mwili, lakini mzigo wake haupimwi kulingana na nguvu zako. Kahawa nyingi ya Embu huiva kati ya Oktoba na Desemba. Mtu aliyekaa miezi bila kuinua kitu kizito hujikuta ghafla akibeba gunia zima, na hapo mgongo huumia. Isitoshe, misuli huanza kupungua polepole tangu umri wa miaka 30 hivi, na mzee mwenye miguu dhaifu huanguka upesi na huweza kuvunjika nyonga.

Mwaka 2020, Shirika la Afya Duniani lilishauri watu wazima waimarishe misuli angalau siku 2 kwa wiki.

Huenda umeona vyuma vya duara vyenye mkono juu kama wa birika. Asili yake ni Urusi, ambako vilikuwa mawe ya kupimia nafaka. Kipimo chao, pudi, ni kama kilo 16. Shida ni kwamba kutoka chuma cha kilo 8 hadi cha kilo 12, umeongeza nusu ya mzigo kwa mara moja.

Mtungi wa maji hauna shida hiyo. Lita 1 ya maji ni kilo 1, kwa hiyo waweza kuongeza nusu kilo tu. Tafuta mitungi 2 ya lita 5 yenye mikono imara na vifuniko vinavyokaza. Anza na lita 3 katika kila mtungi. Kijana mwenye nguvu atumie mitungi ya lita 10. Maji ya lita 5 yakiwa mepesi kwako, jaza mchanga mkavu. Mtungi ule ule utafika kilo 8 hivi. Hakikisha kwa mizani.

Mazoezi ni 3. La kwanza, inua mitungi kutoka chini: kunja magoti na nyonga, mgongo unyooke. La pili, shika mtungi mmoja kifuani, chuchumaa, kisha simama. La tatu, shika mmoja kila mkono, utembee hatua 20. Usiirushe wala kuipunga.

Inua mara 8, pumzika, kisha rudia hadi awamu 3. Ukiweza mara 12 bila kuyumba kwa wiki 2 mfululizo, ongeza nusu lita. Ukianza mwanzoni mwa Julai na kuongeza kila wiki 2, mwanzoni mwa Septemba kila mkono utakuwa na kilo 5, na kahawa itaiva ukiwa umejiandaa. Ukishindwa kufikisha 12, usiongeze. Haba na haba hujaza kibaba.

Toa pumzi unapoinua. Usiibane, hasa ukiwa na shinikizo la damu. Misuli kuuma kidogo kesho yake ni kawaida. Lakini ukihisi maumivu ya kifua, kizunguzungu, au maumivu ya mgongo yanayoshuka mguuni, acha na uende kituo cha afya. Mama mjamzito na mwenye ugonjwa wa moyo wamwone mhudumu wa afya kabla ya kuanza.

Basi, msikilizaji, mitungi unayo na maji unayo. Chagua siku zako 2 za wiki, uanze na mzigo mdogo.