Kabla Hujanunua Mashine ya Kufyekea Nyasi ya Betri, Fikiria Jicho na Mgongo Wako

Wakati wa baridi safu hii huulizwa habari za mafua na vitamini D, lakini ikifika Mei maswali yanageuka: mgongo unauma, bega halinyanyuki, jicho limeingia kitu. Ukichunguza, chanzo mara nyingi ni kimoja tu. Nyasi!

Wengi wetu hapa Marekani tumeishi kwenye apatimenti miaka mingi bila kujua nyasi zinakatwa na nani. Siku unaponunua nyumba, au unapopanga nyumba yenye uwanja, ndipo unapogundua kuwa nyasi ni zako. Miji mingi ina kikomo cha urefu wa nyasi, mara nyingi kati ya inchi 6 na 12. Ukizidisha unaletewa barua, na usipoijali inafuata faini.

Kwetu tulifyeka kwa fyekeo, tena shuleni ilikuwa adhabu. Huku mashine ya kusukuma inamaliza katikati ya uwanja, lakini haifiki kando ya uzio, chini ya miti wala pembeni mwa njia ya gari. Hapo ndipo unapohitaji ile mashine ya mkono yenye mpini mrefu, inayokata kwa uzi wa nailoni unaozunguka. Ilibuniwa Houston, Texas, mwaka 1971 na George Ballas, baada ya kutazama brashi zinazozunguka za kuoshea magari. Jaribio lake la kwanza lilikuwa mkebe wa bisi uliotobolewa na kupitishwa nyuzi za kuvulia samaki. Wazo ni lile lile hadi leo: uzi laini ukizungushwa kwa kasi kubwa unakata kama kisu. Kwa hiyo usiudharau eti ni uzi tu.

YALIYOMPATA JAMAA YETU

Jamaa yetu mmoja, dereva wa malori, alienda dukani akachukua mashine yenye volti nyingi kuliko zote, akiamini kubwa ndiyo bora. Ilikuwa nzito kwake. Baada ya dakika ishirini mikono ilichoka, kichwa cha mashine kikawa kinalala upande, na kipande cha jani kikamrukia jichoni. Hakuwa na miwani ya kinga.

Alinawa, akaona ni mchubuko tu. Kabatini alikuwa na chupa ya dawa ya macho aliyoletewa kutoka nyumbani, akaanza kuitia. Siku ya nne jicho lilikuwa jekundu, lina doa jeupe, na hawezi kutazama mwanga. Daktari alikuta fangasi kwenye konea, yaani kile kioo cha mbele cha jicho. Ile dawa ilikuwa na steroidi, ambayo inaweza kuyafanya maambukizi ya fangasi yawe mabaya zaidi. Alitibiwa wiki nyingi bila kuendesha gari. Leo jicho linaona, lakini siyo kama zamani.

Ndugu zangu, ndiyo sababu tunaandika kuhusu mashine ya nyasi kwenye ukurasa wa afya. Ukienda dukani, angalia mambo haya.

1. UZITO KWANZA, VOLTI BAADAYE

Mashine ndogo za volti 18 au 20 huwa na kilo 3 hivi pamoja na betri. Za volti 40 hadi 56 nyingi ni kilo 4 hadi 6. Tahadhari: uzito ulioandikwa kwenye boksi mara nyingine hauhesabu betri. Mwombe muuzaji aiweke betri, kisha uishike mashine dakika mbili nzima. Simama wima, viwiko vimekunjwa kidogo. Kichwa cha mashine kifike karibu na ardhi bila wewe kuinama. Kama unainama dukani, nyumbani mgongo utalia.

Chagua yenye mpini unaorefushwa na kufupishwa, hasa kama baba na mama wote wataitumia. Ikizidi kilo 4, tafuta yenye sehemu ya kufungia mkanda wa begani. Na usifanye saa nzima mfululizo. Pumzika, kunywa maji.

2. HESABU YA BETRI

Msitishwe na namba. Betri ya litiamu ya volti 18 ina seli 5 zilizoungwa mfululizo, kila moja ina wastani wa volti 3.6. Ikitoka kuchajiwa kila seli huwa na volti 4 hivi, ndiyo maana Marekani huandikwa 20V Max na Ulaya huandikwa 18V. Ni kitu kile kile! Vivyo hivyo 40 na 36.

Akiba ya umeme unaipata kwa kuzidisha volti kwa saa-ampia, ile namba yenye Ah. Betri ya volti 18 yenye 4 Ah ina watisaa 72. Ya volti 36 yenye 2 Ah nayo ina watisaa 72. Hiyo ya pili inaweza kusukuma kwa nguvu zaidi penye magugu mazito, lakini haina akiba kubwa zaidi. Kwa uwanja mdogo wa nyumba ya mjini, volti 18 au 20 yenye 4 Ah inatosha wengi. Kama tayari una drili ya betri, tazama mashine zinazotumia betri hiyo hiyo, maana betri na chaja ndizo zinazokula pesa.

Betri usiichaji mahali penye joto kali wala mlangoni mnapopitia kutoka nje. Iliyovimba au kupasuka usiitumie tena. Na kabla ya kugusa uzi au kusafisha kichwa, TOA BETRI kwanza, hata kama umeachia swichi.

3. UZI, SIYO MNYORORO

Kwa nyasi za kawaida uzi wa milimita 1.65 au 2 unatosha. Mnene zaidi, kama 2.4, ni wa mashine zenye nguvu. Fuata kijitabu cha mashine yako. Kuna wanaouza vichwa vya minyororo ya chuma kwa ajili ya magugu magumu. Usivinunue! Pingu moja ikikatika inaruka kama risasi. Mwaka 2012 Tume ya Ulaya iliziagiza nchi wanachama, Uingereza ikiwa bado mojawapo, kuzuia uuzaji wa vichwa vya aina hiyo kwa mashine za mkono.

Kile kifuniko cha plastiki kinachokinga miguu usikiondoe. Watoto, wageni na wanyama wawe mbali, angalau mita 15.

4. KELELE NA MTETEMO

Hapa betri inaishinda petroli. Kwa kawaida ina kelele kidogo, na haina moshi. Mwongozo wa taasisi ya Marekani ya usalama kazini, NIOSH, ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila zinapoongezeka desibeli 3 muda unapungua nusu: 88 kwa saa 4, 91 kwa saa 2, 94 kwa saa moja. Mliopo Uingereza na Ulaya, tazameni kibandiko cha LwA kwenye mashine, mlinganishe moja na nyingine. Yenye namba ndogo ndiyo tulivu zaidi. Hata hivyo vaa vizibo vya masikio, hasa kama unafanya kazi hii kwa kulipwa kutwa nzima.

Vidole vikianza kufa ganzi au kuwa vyeupe baada ya kazi, huo ni mtetemo. Usisubiri, mwone daktari.

5. MIWANI NI SEHEMU YA BEI

Ukipanga bajeti ya mashine, weka na miwani ya kinga humo humo. Marekani tafuta alama Z87+ kwenye fremu au kioo. Ile alama ya kujumlisha inaonyesha imepimwa kwa kugongwa na kitu chenye kasi. Miwani ya kusomea na ya jua siyo kinga. Ukivaa miwani ya daktari, nunua ile ya kinga inayovaliwa juu yake. Vaa pia suruali ndefu na viatu vya kufunika. Kandambili ziache mlangoni.

6. JICHO LIKIUMIA

- Vumbi au majani laini: usisugue. Suuza kwa maji safi.
- Kitu kimechoma au kimenasa: usikitoe, usisuuze, usikandamize. Funika kwa kikombe cha karatasi kisichogusa jicho, piga 911, au 999 kwa mliopo Uingereza.
- Maumivu, wekundu, kuona ukungu au kuogopa mwanga baada ya kupigwa na jani: nenda siku hiyo hiyo, na umwambie daktari kuwa ni mmea.
- Dawa ya zamani ya macho usiitie. Ukiona dexamethasone au prednisolone kwenye chupa, hiyo ni steroidi.

Najua wengi hapa Marekani wanachelewa kwa kuogopa bili. Sheria ya mwaka 1986 inazitaka hospitali zenye idara ya dharura zilizo kwenye mpango wa Medicare zikupime, na kama ni dharura zikuhudumie hadi utulie, hata kama huna bima. Bili itakuja, ndiyo, lakini bili inajadiliwa. Jicho halijadiliwi.

7. UKITAKA KUMPELEKEA MZEE NYUMBANI

Chaja nyingi za Marekani ni za volti 120, na umeme wa Tanzania na Kenya unazidi volti 220. Ukiichomeka tu, kwaheri chaja. Soma nyuma yake. Isipoandikwa 100-240V, usiibebe. Kwenye ndege, betri ya akiba inakaa kwenye begi la mkononi. Ikizidi watisaa 100 unahitaji ruhusa ya shirika la ndege, ikizidi 160 hairuhusiwi kwa abiria. Na ukimpelekea mzee mashine, mpelekee na miwani yake.

Basi, wapendwa, mashine nzuri ni ile unayoimudu mpaka dakika ya mwisho ukiwa umesimama wima na macho yamefunikwa. Nyasi zitaota tena wiki ijayo. Jicho haliote. Tahadhari kabla ya hatari!