Vijiko vichache vya mafuta vinavyoamua kona ya gari la rimoti

ALIYEWAHI kusafiri msimu wa mvua kwa barabara ya udongo, iwe Karamoja, Kivu au Ruvuma, anaijua picha hii: gari limekwama, gurudumu moja linazunguka bure na kurusha matope, na la upande wa pili limetulia kana kwamba halihusiki. Dereva anakanyaga mafuta, hali inazidi kuharibika, abiria wanashuka kusukuma.

Lawama huiangukia difu, ingawa inafanya kazi iliyoundwa kuifanya. Gari likikata kona, gurudumu la nje husafiri njia ndefu kuliko la ndani, kwa hiyo sharti lizunguke kwa kasi zaidi. Mfaransa Onésiphore Pecqueur alibuni mpangilio wa gia unaoruhusu hilo katika miaka ya 1820, kwa ajili ya gari la mvuke. Kasoro yake ni kwamba gurudumu moja likikosa pa kushika, mzunguko wote hukimbilia huko.

Magari makubwa ya kazi hutibu kasoro hiyo kwa loki ya difu. Mafundi wa mbio za magari madogo ya rimoti, mchezo uliokomaa zaidi Japani, Ulaya na Marekani, walichagua dawa nyingine: mafuta mazito ya silikoni.

Bagi ya mashindano ya kipimo cha 1/8, mfano wa zile zinazoundwa na Kyosho au Mugen Seiki za Japani, ina uzito wa kilo tatu na ushei na hupita kilomita 60 kwa saa kwenye vumbi na matuta. Magurudumu yote manne huvuta, na ndani yake zimo difu tatu: ya mbele, ya katikati na ya nyuma. Kila moja ni kikopo kilichofungwa, gia zake zikiogelea ndani ya vijiko vichache vya mafuta. Gurudumu moja likitaka kuliacha lingine, gia hulazimika kupenya mafuta hayo. Yakiwa mazito hugoma. Yakiwa mepesi huachia. Mafuta hayaongezi nguvu hata kidogo. Yanachoamua ni ugumu wa gurudumu kumkimbia mwenzake.

Mnato hupimwa kwa sentistoksi. Maji ya kawaida ni karibu 1. Mpangilio unaotumiwa sana kuanzia kwenye bagi ni 5,000 mbele, 5,000 katikati na 3,000 nyuma, ambao madereva huutaja kwa kifupi tu: tano, tano, tatu.

Difu ya katikati ndiyo inayohisiwa upesi. Hugawa mzunguko kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Ikiwa na mafuta mepesi, dereva akifungua moto na pua ikainuka kidogo, magurudumu ya mbele huzunguka ovyo na gari halisogei inavyostahili. Yakiongezwa mnato, gari huruka kwa nguvu kutoka kwenye kona, lakini kwenye uwanja mkavu unaoteleza huwa gumu kulidhibiti. Magari ya umeme, ambayo mota yake hutoa nguvu papo hapo, mara nyingi huhitaji mafuta mazito zaidi hapo.

Mbele kuna ubishi zaidi. Mafuta mepesi hulisaidia gari kuingia kona dereva akiwa ameachia moto. Mazito hulivuta kutoka kona akiwa ameshaufungua tena. Nyuma, mafuta mepesi huacha tairi zishike ardhi katikati ya kona, na mazito yakizidi mkia hufyatuka ghafla. Majedwali ya ushauri hupingana, na si ajabu: mafuta yaleyale yanayovuta pua ndani ya kona kwenye uwanja wenye mshiko huisukuma nje kwenye uwanja wa vumbi. Anayenakili namba za bingwa bila kuutazama udongo wake atapoteza Jumamosi nzima.

Njia salama ni kubadili difu moja tu kwa wakati, na kwa hatua inayohisika. Kutoka 5,000 hadi 7,000 dereva wa kawaida ataona tofauti. Kutoka 5,000 hadi 5,500 atakuwa anajidanganya.

Wapo wanaochanganya chupa mbili kupata namba ya kati, na hapo hesabu huwatega. Nusu ya 1,000 na nusu ya 10,000 haitoi 5,500. Hutoa kama 3,200, kwa sababu mnato haujumlishwi kama sukari na chumvi. Mtego mwingine uko kwenye chupa za mafuta ya shokapu zinazoandikwa namba za “uzito”: 30 ya kampuni moja si lazima ilingane na 30 ya nyingine. Sentistoksi ndiyo lugha inayoeleweka kote.

Kisha kuna joto. Silikoni hubadilika kidogo kuliko mafuta ya madini, lakini hubadilika. Fainali ya mashindano ya dunia ya daraja hili huchukua saa moja, na gari lililokuwa tiifu dakika ya tano linaweza kuwa na tabia nyingine dakika ya 50.

Hata hivyo, makosa mengi yanayosingiziwa mnato hutokana na ujazo. Difu iliyojazwa nusu ina hewa, na gia zinazozunguka kwenye hewa hazipati upinzani wowote. Mafundi makini humimina mpaka pini za msalaba zifunikwe, husubiri mapovu yapande, huongeza, kisha hupima difu kwenye mizani ya gramu na kuandika. Baada ya mashindano huipima tena. Ikiwa imepungua, anayetafutwa ni oringi iliyochoka au gasketi iliyokunjika, na chupa mpya ya mafuta haina cha kufanya hapo.