Kustaafu mapema: Piga hesabu kabla ya kupunga upepo Mama Ngina

MTUMISHI wa umma anayetamani kupunga upepo Mama Ngina, Mombasa, akitazama meli zikiingia Kilindini, anaruhusiwa kustaafu akiwa na miaka 50, yaani miaka 10 kabla ya umri wa lazima uliowekwa mwaka 2009. Ruhusa hiyo ina gharama.

Kwa waliobaki katika mpango wa zamani baada ya ule wa kuchangia kuanza Januari 2021, kila mwezi wa utumishi huhesabiwa kuwa sehemu moja ya 480 ya mshahara wa mwisho. Tuseme mshahara ni Sh60,000. Aliyetumikia miaka 25 hupata pensheni ya Sh37,500 kwa mwezi. Angengoja hadi miaka 60, hata mshahara usipopanda, angepata Sh52,500. Akichukua robo kwa mkupuo, hubakiwa na Sh28,125.

Mkupuo ndio wenye mtego. Siku unapoingia benki, jamaa nao hubisha hodi. Mwingine hununua matatu ilhali hajui hata bei ya tairi. Wakati huo kitinda mimba angali chuoni, na salio la mkopo wa chama cha ushirika lamngoja.

Kabla ya kutia sahihi, mtumishi aiombe idara yake imwandikie pensheni atakayopata akiondoka na miaka 50, 55 na 60.