Fahamu: Kusubiri figo huku ukiwa kazini

Kwa mgonjwa ambaye figo zimeshindwa kazi, kusafisha damu kwa mashine huchukua takriban saa nne, kwa kawaida mara tatu kwa wiki. Kwa mwajiriwa, hizo ni ruhusa tatu za kuomba. Kwa mama ntilie, ni siku tatu jiko haliwashwi. Ukishuka kitandani mwili umelegea. Maji nayo hunywewa kwa kipimo: kiu ikibana, wengine hunyonya kipande cha barafu.

Njia nyingine ni kupandikizwa figo. Nchini Tanzania, Hospitali ya Muhimbili ilianza kupandikiza figo mwaka 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata 2018. Figo hutoka kwa ndugu aliye hai, tena vipimo vikubali. Hapo ndipo penye ugumu, maana figo haiombwi kama chumvi.

Mwajiri, mpangie mfanyakazi anayesubiri figo zamu upya kabla hujamwandikia barua ya onyo.